Jina la Mtoto na Kisima cha Mibuni Sita

Sogeeni karibu, na mwenye mtoto anayelia amtulize kwanza, kwa maana hadithi hii ikifika mwisho itawageukia ninyi.

Katika kijiji cha Nkoandele, chini ya mlima uliotema moto zamani sana, waliishi watu watatu wenye vipaji vitatu.

Wa kwanza ni Mzee Nanyaro, mchimba visima. Yeye alijua mawe. Aliligonga jiwe kwa nyundo, akalinusa, akalilamba, kisha akakwambia kama mlima ulilitema likiwa moto au lilishuka na mafuriko likiwa tope. Maishani mwake alichimba visima saba, na kila aliposhuka hatua moja alichota konzi ya udongo, akautia kwenye kopo na kuandika juu yake ni kisima gani na ni kina gani. Makopo hayo yalijaa ukuta mzima wa nyumba yake. Watoto walipaita pale duka la udongo.

Wa pili ni Shangazi Ndeshi, aliyefagia zahanati mpaka akastaafu. Yeye alijua maji. Mtafiti mmoja aliyepita kijijini alimwachia mirija ya kioo na dawa nyekundu, na kila mwaka akamtumia chupa nyingine. Tone la dawa ile likiingia kwenye maji mazuri hubaki jekundu. Likiingia kwenye maji mabaya hufifia kama kanga iliyoanikwa juani siku nyingi. Kwa miaka tisa, kila mwezi, Shangazi alizunguka visima na chemchemi zote kumi na nne, akaandika daftarini alichokiona. Hakuna aliyemtuma.

Wa tatu ni Anandumi, msichana aliyesoma chuo kikuu na kurudi na kompyuta begani. Yeye alijua kuuliza. Aliujenga mlima mzima ndani ya kompyuta, akaukata vijumba vidogo kama trei za mayai zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kisha alikiuliza kila kijumba: wewe ni jiwe gani, maji yanakuingilia wapi, yanakaa kwako muda gani, yanatokea wapi? Mlima huo wa ndani ya kompyuta aliuita mfano.

Hao ndio watatu. Lakini aliyewatia mashakani ni mtu wa nne, naye hakuwa na kipaji chochote alichokijua. Jina lake Aikande.

Aikande alikuwa mama kijana, mpole, na alipocheka aliweka kiganja mdomoni. Si yeye peke yake. Watu wa Nkoandele wote walikuwa na meno ya rangi ya chai ya rangi, na wazee wao walitembea wamepinda kama wanatafuta sindano chini. Ukienda soko la mjini, wauza vitunguu walikujua utokako kabla hujasema. Nesi wa zahanati alimweleza sababu: maji ya kijiji yana madini yaitwayo floraidi. Hayana ladha, hayana harufu, na ukiyachemsha maji yanapungua lakini ubaya unabaki. Meno ya ukubwani hupata rangi yangali ndani ya ufizi, mtoto angali mdogo wa kubebwa. "Ila maziwa ya mama," nesi alisema, "hayapitishi ule ubaya. Mwili wako unamchujia."

Neno hilo Aikande alilishika. Mtoto wake Tumsifu alipotimiza mwaka na nusu, bado alikuwa ananyonya, na maji alikuwa hajapewa ila ya mvua. Sasa mvua zilikuwa zimekwisha, na tumbo la Aikande lilikuwa na mimba ya miezi mitatu.

"Mtoto ana meno mdomo mzima na bado ananing'inia kifuani," alisema mama mkwe wake, Bibi Apaikunda, siku moja jikoni, mbele ya wake wengine wa ukoo. "Utamnyonyesha mpaka aoe?"

"Mama, nesi alisema..."

"Nesi hana mkwe. Ukifika mwezi wa sita maziwa ni ya aliye tumboni. Hiyo ndiyo desturi, na aliyeivunja mwulize yaliyompata."

Wanawake wakacheka. Aikande akakoroga sufuria. Kisha, bila kuinua uso, akasema kwa sauti ndogo: "Atakayenipatia maji ya kumnywesha Tumsifu kabla ya mwezi wa sita, huyu aliye tumboni ataitwa jina lake."

Alisema kwa sauti ndogo, lakini jikoni mwa wanawake watano hakuna sauti ndogo. Jua halijatua kijiji kizima kilikuwa kimesikia.

Na ahadi ile haikuwa ndogo pia. Kwa watu wa Nkoandele, mtoto hupewa jina moja tu la nyumbani, la kiume au la kike si kitu, na aliyepewa jina lake huwa somo wake. Mtoto humkatia somo wake majani ya ng'ombe, humshika mkono akizeeka, na akifa, jina lake huendelea kuitwa kila asubuhi. Watu hawakuwa na zawadi kubwa kuliko hiyo.

Anandumi alikuwa amepanga chumba kwa Aikande. Jioni moja aligeuza kompyuta yake mezani na kusema, "Dada Aikande, njoo uone. Mfano umesema tuchimbe hapa, kwenye uwanja wa mpira."

Mzee Nanyaro alikuwa amepita kuomba moto wa kiko chake. Akainama akatazama, akacheka mpaka akakohoa.

"Hapo nimekwisha kuchimba, mjukuu wangu. Kisima cha nne. Maji yake yalipaka rangi hata kikombe."

"Mbona hukuniambia, babu?"

"Mbona hukuniuliza? Umeviuliza vijumba elfu hamsini, mimi jirani yako hukuniuliza."

Anandumi aliona haya. Aikande naye aliona haya kwa niaba yake, ndipo akasema jambo lililokuwa limemkaa moyoni: "Babu ana makopo ya udongo. Na Shangazi Ndeshi ana daftari. Sijui kama yanafaa kitu."

Basi kesho yake kazi ikaanza.

Mzee Nanyaro aliyapanga makopo yake uani, kisima kwa kisima, kutoka juu kwenda chini. "Haya ni majivu," akasema. "Hili ni jiwe jepesi, ukilitia kwenye karai linaelea. Na hili jeusi ni moto uliopoa. Limejaa nyufa. Moto huu ulishuka kwenye bonde, na bonde lenyewe lilikuja kufukiwa baadaye." Anandumi akaandika yote, na mlima wa kwenye kompyuta ukapata mifupa. Kabla ya hapo ulikuwa mlima wa kukisia.

Shangazi Ndeshi alileta daftari lake limefungwa kwenye kitambaa. Alisoma kwa sauti, mwezi kwa mwezi, miaka tisa, mpaka Bibi Apaikunda akasinzia. Lakini alipofika kwenye chemchemi ndogo iliyo chini ya shamba la Aikande, Anandumi akamwinulia mkono. "Rudia hapo, shangazi."

"Masika, nyekundu. Kiangazi, imefifia. Masika, nyekundu. Kiangazi, imefifia. Kila mwaka hivyo hivyo."

"Kuna maji mazuri yanapita hapo," Anandumi akasema polepole. "Kiangazi yanashuka chini ya mdomo wa chemchemi, ndiyo maana hatuyaoni."

"Maji ni kama mgeni," akasema Shangazi. "Akikaa kwako sana anaondoka na tabia zako. Yakikaa kwenye majivu yanaondoka na ubaya wa majivu."

Na Anandumi alikaa na mfano wake wiki tatu. Aliuwasha, ukakosea. Akaubadilisha, ukakosea. Alitaka mlima wa kwenye kompyuta utoe maji yale yale ya kwenye daftari, mwezi ule ule, mahali pale pale, na aliapa kutouamini mpaka ufanye hivyo. Siku ulipofanya, ulionyesha mahali pamoja: maji yanayokimbia ndani ya jiwe jeusi, yasiyopata nafasi ya kukaa kwenye majivu. Kina, meta kumi na saba. "Na tusipite kumi na tisa," akasema, "maana chini yake kuna majivu ya kale, na maji yake ni mabaya kuliko yote."

"Na ni wapi hapo?" Aikande akauliza.

Anandumi akanyoosha kidole dirishani. Palikuwa na mibuni sita aliyoipanda marehemu baba mkwe wa Aikande.

Kila mtu akamtazama Bibi Apaikunda. Yeye mwenyewe mgongo ulikuwa umepinda. Aliingia ndani, akatoka na panga, akaukata mbuni wa kwanza kwa mkono wake. Alipofika wa sita akapumzika, akasema, "Mbona mnanitazama? Kuni hizo. Okoteni."

Mimba ilikuwa na miezi mitano.

Wakachimba. Vijana wakapokezana, Mzee Nanyaro akiwa chini nao. Meta kumi na saba: kukavu. Kumi na nane: unyevu tu, kama jasho la mtungi. Anandumi alikaa juu ya kifusi amejishika kichwa. Ndipo sauti ya Mzee Nanyaro ikapanda kutoka shimoni: "Kuna ufa hapa kushoto. Mfano wako hauujui huu. Nipeni tindo." Alilitoboa jiwe jeusi upande wa kushoto, nusu hatua, na maji yakaja.

Yalipomfika kwenye vifundo alifurahi, akaendelea kushuka, maana mchimbaji hawezi kuyaona maji akaacha. Juu, Shangazi Ndeshi alipima kila ndoo. Nyekundu. Nyekundu. Nyekundu. Kisha akainua mrija kwenye jua.

"Nanyaro, toka humo. Limeanza kufifia."

"Maji ni haya haya, Ndeshi."

"Ni haya haya machoni pako. Toka."

Anandumi akapima kamba: meta kumi na tisa na robo. Mfano ulikuwa umewaonya, nao katika furaha walikuwa wamesahau. Wakaziba chini kwa udongo wa mfinyanzi, meta nzima, wakajenga kuta kwa mawe na saruji. Baada ya siku nne Shangazi akadondosha tone. Likabaki jekundu kama siku lilipotoka chupani.

Siku hiyo, mimba ikiwa haijatimiza miezi sita, Aikande alimketisha Tumsifu mapajani, akampa kikombe. Mtoto akanywa, akakitazama kikombe, akanywa tena. Usiku alililia ziwa. Usiku wa tatu hakulia.

Miezi mitatu na ushei ikapita, Aikande akajifungua salama mtoto wa kike. Siku ya kumtoa nje, watu walikusanyika kisimani, kwa sababu desturi inataka mama amtamkie mtoto jina lake mbele ya watu, mara tatu, kwa sauti.

Watatu wale walikaa kwenye benchi moja.

"Mimi sina mtoto," akasema Mzee Nanyaro. "Nikifa, makopo yangu yatamwagwa, na kuku watayapekua. Bila makopo mngekuwa mnachimba uwanja wa mpira. Na ule ufa niliuona mimi."

"Mimi nina wajukuu sita," akasema Shangazi Ndeshi, "na hakuna hata mmoja anayeitwa Ndeshi. Walisema ni jina la mfagiaji. Miaka tisa nilitembea na ndoo yangu, mkaniita mwendawazimu wa chupa. Bila daftari langu msingejua hata mtafute nini. Na ningenyamaza siku ile, mtoto angekunywa maji ya chini kabisa."

Anandumi akasema wa mwisho. "Mimi ninaondoka mwezi ujao. Makopo yalikuwepo miaka thelathini na daftari miaka tisa, na hakuna aliyekunywa kutoka kwenye kopo wala daftari. Mimi niliyaunganisha. Kisima hiki kitahitaji kuangaliwa kila mwaka, maji yasivutwe kupita kiasi yale ya chini yakapanda. Nikiwa na somo wangu hapa, hakuna kazi ya mjini itakayonizuia nisirudi."

"Basi mpe majina yote matatu," mtu mmoja akasema kwa nyuma.

"Akiitwa kula aitikie lipi?" akajibu Bibi Apaikunda. "Jina ni moja. Na kama ni kuhesabiana, mume wangu alipanda mibuni sita na sasa hana hata mmoja. Sijamtaja. Nimesema tu."

Watu wakacheka, kisha wakamgeukia Aikande.

Aikande akasimama. Aliwatazama watatu, mmoja mmoja. Alimkumbuka mmoja ameinama shimoni, mmoja ameinua mrija kwenye jua, mmoja amekesha na mlima usiotaka kusema kweli. Tumsifu alikuwa amemshika kanga, akicheka na meno yake ya utoto, meupe. Yale ya ukubwani bado yamo ndani ya ufizi, na hakuna ajuaye yatatoka na rangi gani. Jibu la meno litakuja baada ya miaka mitano. Jibu la jina lilitakiwa siku ile.

Alitaka kuweka kiganja mdomoni kama kawaida yake, lakini mikono yote miwili ilikuwa imembeba mtoto. Basi akafungua kinywa hivyo hivyo, mbele ya watu wote, meno yake yakaonekana.

Nami ninamwacha hapo, kinywa wazi, mtoto mikononi, watatu kwenye benchi moja. Semeni ninyi mlioketi hapa: mtoto angekuwa wako, ungetamka jina la nani?