Sultani Aliyetiiwa Mno

Hapo zamani, katika mji wa Kisuani, palikuwa na mshona makubadhi jina lake Makungu, fukara ambaye watu walimwona punguani kwa kuwa alikuwa akishika kila neno kama lilivyosemwa. Na mtawala wa mji alikuwa Sultani Shale, mtu asiyependa kupingwa.

Ikawa Sultani alilitamani shamba la mjane, Bi Mwanakheri, naye Kadhi Abushiri akahukumu kuwa shamba ni la mjane. Sultani akamfukuza kadhi barazani, kisha akatoa amri: "Tangu kesho, hakuna jambo litakalotendwa katika mji huu ila kwa neno litokalo kinywani mwangu."

Makungu, aliyekuwa hapo barazani kuleta viatu vya Sultani, akauliza, "Jambo lolote, bwana?"

"Lolote. Na kwa kuwa wewe ndiwe uliyeuliza, utaipeleka amri nyumba kwa nyumba. Akitokea mtu mmoja tu wa kuivunja, nitakata shingo yako."

Basi Makungu akatoka, akaanza kuzunguka. Kwa mpishi alisema, kwa bawabu alisema, na sokoni alisema. Jemadari Faraji, mkuu wa askari, akamjibu, "Nina watoto, Makungu. Siwezi kumkataa Sultani."

"Sikuambii umkatae. Nakuambia umtii, wala usizidishe."

Jemadari akasema, "Hilo naliweza."

Asubuhi Sultani aliamka akakuta hakuna maji ya kunawa. Akamwita mtumishi. Mtumishi akasema, "Bwana hakuamuru." Akaamuriwa kuleta maji, akaleta, akasimama nayo. Akaamuriwa kumimina, akamimina mpaka mtungi ukaisha na mkeka ukalowa, kwa maana hakuambiwa aache.

Jikoni mpishi alikuwa ameketi mbele ya jiko baridi. Sultani akamwamuru awashe moto, akauwasha. Chungu hakikutajwa, basi hakukiteleka. Lango la mji lilikuwa limefungwa, na wenye mboga wamesimama nje na vikapu vyao kichwani, wakingoja kwa adabu. Sokoni watu walikaa mbele ya maduka yaliyofungwa. Kila mmoja alimwamkia Sultani alipoamuriwa kumwamkia, na hakuna aliyemvunjia heshima.

Sultani akazunguka akiamuru hili na lile, na kila aliloliamuru likazaa mengine kumi ya kuamuriwa. Kufika adhuhuri sauti ilikuwa imemkauka, naye hajala kitu. Ndipo akamwona Makungu sokoni, katikati ya watu.

"Jemadari, mkamate," akasema kwa taabu.

Jemadari akamkamata mkono, akatulia. Sultani akafungua kinywa, sauti haikutoka. Akaonyesha upanga kwa kidole, kisha akaonyesha shingo ya Makungu.

Jemadari akasema, "Bwana, nimeona kidole. Sijasikia neno."

Sultani akawageukia askari wengine. Walikuwa wakitazama mbele. Akautazama umati, mamia ya watu wasioshika hata fimbo, nao wakamtazama kwa utii. Hapo ndipo alipotambua kuwa hajawahi kufungua lango la mji kwa mkono wake, wala hajui ufunguo wake unakaa wapi.

Akamwashiria Kadhi Abushiri, aliyekuwa katika umati ule, asogee, akamnong'oneza sikioni. Kadhi akatangaza, "Sultani anasema kila mtu arudie kazi yake kama zamani, bila kungoja neno lake."

Kisha kadhi akaongeza, "Na kazi yangu ni kuhukumu. Shamba ni la Bi Mwanakheri."

Sultani akainamisha kichwa kukubali.

Lango likafunguliwa, moshi ukaanza kupanda jikoni. Jemadari akauachia mkono wa Makungu, akamwambia kwa sauti ya chini, "Nilidhani nitakuua."

"Hata mimi nilidhani hivyo," akasema Makungu.

Sultani Shale akatawala miaka mingine mingi. Ila kila alipotaka kutoa amri, alimtazama kwanza jemadari usoni, na jemadari hakuwa na haraka ya kuitika.