Masikio ya Mama Bilashaka

Mtaa ulikuwa umejibana kati ya mto na kilima, nyumba zimesongamana kama meno. Kila baada ya miaka michache mto uliingia ndani bila hodi, ukachukua ulichokitaka, ukarudi zake. Baada ya mafuriko ya mwisho, ofisi ya kata ilichoka kugawa mablanketi. Iliitisha mkutano, na wakazi wenyewe wakapangiana kazi. Mitaro ilizibuliwa. Mishale ya rangi nyeupe ilichorwa kwenye kuta kuonyesha njia ya kwenda shuleni, kule kilimani. Juu ya paa la ofisi kilifungwa king'ora cha betri, na watu wakakubaliana kwamba kikilia mara tatu, kila mtu aache alichoshika ashike njia. Asiyeweza kukimbia atapewa mwenza, yaani jirani wa kwenda kumchukua.

Katikati ya mtaa huo aliishi fundi cherehani mmoja, mjane, hodari wa kazi yake. Nguo aliyoishona ilimkaa mtu kana kwamba amezaliwa nayo. Hakuwa na maneno mengi, na watu walimpenda kwa sababu habishani na mtu. Ukimweleza jambo, alikutazama usoni mpaka umalize, kisha akasema, "Bila shaka." Jina likamganda kama gundi: Mama Bilashaka.

Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Masikio ya fundi huyo yalikuwa yamekufa. Yalianza kwa kuvuma kama mzinga wa nyuki, yakazidi kuziba, na sasa, mwaka wa tatu, hakuisikia hata cherehani yake mwenyewe. Alijua uzi umekatika kwa mtetemo wa kitambaa vidoleni. Alijifundisha kusoma midomo, ingawa midomo nayo ina hila zake. "Baba" na "mama" kwake yalikuwa neno moja, maana midomo hufumba na kufumbua vilevile. Mteja akisema nguo ni ya baba au ya mama, fundi alisubiri kipimo cha kifua kimfumbulie fumbo. Kioo cha wateja kujitazamia alikitundika mkabala na mlango ili amwone kila anayeingia. Binti yake aliyeolewa mbali akipiga simu, hakupokea. Alimwandikia, "Mtandao wa huku mbaya, mwanangu. Andika tu."

Aliogopa nini? Alimkumbuka fundi viatu wa mtaa wa pili. Siku watu walipojua hasikii, walimvua jina lake wakamvika la Kiziwi. Waliacha kumsalimu, wakawa wanamrushia vijiwe ageuke. Wateja nao walipukutika mmoja mmoja kama majani ya kiangazi. Mama Bilashaka aliapa kwamba yeye hatarushiwa kijiwe na mtu.

Siku ya kuandikisha watu, afisa wa kata mwenyewe alipita nyumba kwa nyumba na faili kwapani. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye miwani na tabia ya kuongea na karatasi zake.

"Habari za kazi, mama," alisema. "Nina maswali machache tu. Humu ndani kuna mgonjwa wa kitandani?"

"Hakuna."

"Asiyeona? Asiyesikia vizuri?"

Swali hilo fundi aliliona midomoni, akaliona na kwenye fomu, limeandikwa kwa herufi kubwa kando ya kisanduku kitupu.

"Hapana," alijibu, upesi kuliko ilivyohitajika. "Naishi peke yangu, na mimi mzima kama kigongo."

Afisa akainama kuandika, na akiwa ameinama vile vile akauliza jambo jingine. Fundi aliona utosi tu, na utosi hauna midomo. Akajibu kama alivyozoea.

"Bila shaka."

Afisa aliinua uso, akatabasamu, akampa mkono wa shukrani. Fundi aliushika asijue anashukuriwa nini.

Alijua siku tatu baadaye, orodha ilipobandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kata. Watu kumi na wanne hawakuweza kukimbia, na wa tisa alikuwa jirani yake. Karatasi ilisema: Mzee Saa, hawezi kutembea. Mwenza wake, Mama Bilashaka.

Mzee Saa alikuwa fundi saa aliyepooza miguu. Ulimi haukupooza. Vyumba vyao vilitenganishwa na ukuta mmoja mwembamba, na jioni alipenda kuburutwa hadi barazani kwa fundi, amsimulie visa vya saa za watu wakubwa alizowahi kuzifungua. Fundi aliisoma orodha mara mbili. Akageuka kuingia ofisini akaseme ukweli, lakini humo ndani aliwaona watu watatu wakimsubiri afisa, na mmoja alikuwa mteja wake.

"Kesho," alijiambia. Kesho ikazaa kesho.

Jioni ile Mzee Saa alimwambia, "Sasa, mwanangu, roho yangu iko kiganjani mwako. Usije ukafumba mkono."

Hayo aliyasoma yote, neno kwa neno. Akasema, "Bila shaka, Mzee."

Zoezi la kwanza lilitangazwa tarehe na saa. Tangu asubuhi fundi alikaa mlangoni, jicho barabarani. Alipomwona muuza mboga wa ng'ambo ya barabara akiinua kichwa ghafla, alichomoka kama mshale, akampakia Mzee Saa kwenye toroli, akamsukuma kilimani mbio.

"Polepole!" Mzee alipiga kelele. "Mimi si saruji!"

Walifika shuleni kabla ya wengine wote. Afisa alipiga makofi. "Mnaona? Hayo ndiyo masikio! Masikio ya paka!" Watu wakacheka. Fundi naye akacheka, kwa kuwa wao walicheka. Tangu siku hiyo, afisa akitaka mfano wa mwenza mwaminifu, alimtaja yeye.

Mafuriko ya kweli hayakutangaza tarehe. Mvua ilinyesha mbali, huko mto unakotoka, na mtaani jua lilikuwa likiwaka alasiri hiyo. Umeme ulikuwa umekatika. Fundi alikuwa na sare nyeusi za kumaliza, na uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi unataka mwanga, basi aliisogeza cherehani yake ya kukanyaga hadi dirisha la nyuma. Mlango ukabaki mgongoni mwake, na kioo kikabaki kikitazama kiti kitupu.

King'ora kililia mara tatu, kila kilio kirefu kuliko pumzi ya mtu. Mtaa mzima ulitoka. Yeye alikuwa anapinda ukosi.

Alihisi ubaridi unyayoni. Alidhani amepiga teke ndoo, akaangalia chini, akaona maji ya rangi ya udongo yakizunguka kikanyagio, na kandambili ya mtu asiyemjua ikielea kupita. Aligeuka. Barabara ilikuwa mto, na hapakuwa na mtu.

Alijua papo hapo. Alitoka akishika kuta, maji magotini, akausukuma mlango wa jirani kwa bega. Mzee Saa alikuwa amejiburuta hadi juu ya meza yake ya kazi, amekumbatia nondo za dirisha. Shingo yake ilikuwa imetoka mishipa. Mdomo wake ulifunguka na kufumba, na fundi akausoma: "Nimekuita. Nimekuita. Nimekuita."

Toroli lilikuwa limekwenda na maji. Alijaribu kumbeba mgongoni, wakafika mlangoni, mkondo ukamrudisha kama anayefukuzwa. Alimpandisha tena mezani, akapanda naye, akamshika kiuno. Maji yalifika mapajani mwao, kisha kiunoni. Saa za watu zilielea chumbani ndani ya vikasha vyake kama vifaranga.

Kule kilimani, wenza kumi na watatu walikuwa wamefika na watu wao. Afisa aliona pengo kwenye orodha, akasema, "Huyo ni Mama Bilashaka, yuko njiani." Akasubiri. Angekuwa mtu mwingine yeyote, asingesubiri. Subira hiyo nusura iwagharimu roho mbili. Hatimaye alishuka na wapagazi wawili wa sokoni na kamba ndefu, wakawatoa kupitia dirishani baada ya kuzing'oa nondo.

Darasani watu walimfunika Mzee Saa kwa mablanketi. Alitetemeka, sauti imemkauka, lakini aliomba anyanyuliwe aketi. Alimtazama fundi.

"Nimegonga ukuta mpaka nyundo imeng'oka mpini," alisema. "Ukuta wenyewe mwembamba, ukipiga chafya nakuombea afya. Uliamua kuniacha nife, mwanangu?"

Muuza mboga akadakia. "Sare, Mzee! Alikuwa anamalizia sare. Si ameletwa hapa na tepu ya kupimia bado shingoni? Sare hazingojei, wewe unangoja."

"Na alivyosifiwa!" mwingine akasema. "Kumbe sifa za mgema."

Midomo ilikuwa mingi mno. Fundi hakuweza kuisoma yote, lakini macho hayahitaji kusomwa. Binti yake angesikia habari hii, wateja wake wangesikia, kwamba mama yule mpole alimwacha kiwete azame kwa ajili ya upindo wa nguo.

Afisa alimhurumia. Alisogea mbele yake, safari hii bila karatasi. "Labda ulikuwa umelala, mama? Mchovu hupitiwa na usingizi."

Huo ulikuwa mlango, na ulikuwa wazi. Aliyelala hana kosa. Neno lake la siku zote lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi. Ndipo akaiona midomo ya Mzee Saa, iliyopasuka kwa baridi, ikisema taratibu, "Niambie tu kama ulinisikia."

"Sikusikia," fundi alisema.

"Hukusikia king'ora kinachoamsha wafu?"

"Sisikii, Mzee. Sisikii king'ora, wala nyundo, wala wewe. Mwaka wa tatu huu. Niliulizwa nikakana."

Hakusikia kimya kilichofuata, ila aliona midomo yote ikikoma kwa pamoja. Muuza mboga alishusha macho.

"Na visa vyangu?" Mzee Saa aliuliza. "Jioni zote hizo, ulikuwa ukicheka nini?"

"Nilicheka ulipocheka."

"Basi miaka mitatu nimekuwa nikiusimulia ukuta." Alitikisa kichwa, na hakuna aliyejua kama ni hasira au kicheko. "Ungeniambia, ningefungua mdomo vizuri. Ungeniambia, ningeomba mtu mwingine."

Afisa alilifungua faili lake lililolowa. Alilikata jina la Mama Bilashaka kwenye safu ya wenza, akaliandika upya kwenye safu aliyomo Mzee Saa, la kumi na tano. Alipouliza nani atakuwa mwenza wake, muuza mboga aliinua mkono, akasema, "Mimi niko ng'ambo tu. Nitakuja nimguse bega."

Mzee Saa aliugua kifua miezi miwili, na zana zake nyingi hazikupatikana. Jioni hakuburutwa tena barazani kwa fundi. Wateja wengine waliondoka, wengine walibaki wakajifunza kusimama mbele ya kioo na kusema taratibu. Fundi alilipata alilolikimbia na akalipoteza alilolilinda, kwa sababu ya siri yake: king'ora kililia mbele ya mtaa mzima, na jirani akalia hadi sauti ikamkauka. Yeye mwenyewe hakuvisikia vilio hivyo, lakini ndivyo vilivyomtaja hadharani, kwani mficha maradhi, kilio humfichua.