Sultani Shekuwe na Picha ya Baridi

Palikuwa na sultani mmoja, Shekuwe, mwenye mashamba mapana ya chumvi na huruma finyu. Wakwangua chumvi wake walikuwa na desturi: jua likifika utosini, huingia bandani, wakanywa maji, wakajinyoosha kidogo. Desturi hiyo ilimkera. Yeye alilala mchana kutwa, lakini usingizi wa mwenzake ulimuuma.

Akanunua picha ya setilaiti, ile ya kupima joto la ardhi kutoka juu. Bahati yake, siku ilipopigwa mbingu ilikuwa imefunga wingu zito, basi setilaiti ikapima mgongo wa wingu, huko huko juu kwenye baridi. Mji mzima ukatoka buluu: nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Wenye akili wa ikulu wakaitazama, wakatikisa vichwa kwa heshima. Hakuna aliyechungulia dirishani.

Ikatoka amri: "Popote penye buluu hapana joto. Pasipo joto, banda la nini?" Banda likabomolewa. Kesho yake watu wawili wakaanguka shambani.

Bi Mwanapili, mkwangua chumvi ambaye ulimi wake haukujua adabu za ikulu, akajifunga mablanketi mawili saa saba mchana, akaenda kwa Sultani akitetemeka. Akamkuta kitini, kifua wazi, sharbati ya barafu mkononi, mtumishi akimpepea.

"Una homa, mwanamke?"

"Nina baridi, Seyyidi. Nimekuja kuomba kuni."

"Kuni? Na jasho linakutiririka hadi miguuni?"

"Si jasho. Ni barafu inayoyeyuka."

"Kwa jua hili?"

"Jua lipi? Kwenye picha halimo."

"Nakuona kwa macho yangu unaungua."

"Basi tufuate macho yako, turudishiwe banda."

Sultani akagutuka. "Picha haidanganyi."

"Na hapa ikulu imepaonaje?"

Waziri, kwa kiherehere chake, akaikunjua picha, akaweka kidole. "Buluu. Tena imekoza kuliko ya shambani."

"Na amri ni popote penye buluu?"

"Popote," akasema Sultani. Watu walikuwa wanamtazama, angesema nini?

Bi Mwanapili akampokonya mtumishi upepeo. Sharbati akaimwaga. Akavua blanketi moja, akamfunika Sultani mpaka kidevuni, akamkaza vizuri kama mtoto mchanga.

"Nitoe hili, ninaungua."

"Unaungua, Seyyidi? Kwa hiyo picha imekosea?"

Sultani akafurukuta ndani ya blanketi. Jasho likamshuka puani.

Bi Mwanapili akawageukia watumishi. "Nanyi mmesimama tu? Baba wa watu anaganda. Mleteeni jiko la makaa."