Presha ya Mpima Ardhi

Ninawaletea kesi ambayo sina hukumu yake. Isikilizeni mpaka mwisho, halafu mtaniamulia nyinyi.

Walikuwapo wanawake watatu katika mji mmoja wa milimani, mji wa baridi na migomba. Wa kwanza, Atuganile, alikuwa na kipaji cha maneno: aliweza kumfunika mtu kwa neno moja, na neno hilo likamkaa vizuri kama koti. Wa pili, Bi Zamda, karani wa dirisha la bima katika hospitali ya mji, alikuwa na kipaji cha kuita kila kitu kwa jina lake. Wa tatu, Kissa, muuza vitumbua, hakuwa na aibu. Msicheke. Hicho nacho ni kipaji, na mtaona kilimgharimu nini.

Katika mji huohuo aliishi mpima ardhi wa halmashauri aliyeitwa Ambakisye. Mkewe, Subilaga, alifariki. Matanga yalipokwisha, watu wakakunja majamvi wakaenda makwao, na yeye akarudi kazini. Siku moja, akiwa katikati ya kiwanja cha watu na fito mkononi, alishindwa kukumbuka alikuwa anapima kutoka bikoni ipi, jiwe lipi la mpaka. Akasimama palepale, machozi yanamtoka, mwenye kiwanja na vibarua wanamtazama. Tangu siku hiyo hakutoka nyumbani. Usingizi ulimkimbia. Binti yake, Tusajigwe, akimsemesha, alimjibu kama mtu aliyepokea simu ya mtu asiyemfahamu.

Ndipo Atuganile, mdogo wa marehemu, alipokuja asubuhi na shati lililopigwa pasi.

"Vaa, shemeji. Twende hospitali."

"Siumwi."

"Nimeulizia. Kuna mtaalamu anazungumza na watu waliofiwa. Bima yako inalipa."

"Bima inalipia mazungumzo?"

"Inalipia. Mshahara wako unakatwa kila mwezi, au ulidhani unachangia harusi?"

Ambakisye akavaa shati. Alipofika kwenye vifungo vya mikono akauliza, "Yuko kitengo gani?"

Atuganile akasita. "Cha akili."

Ambakisye akalivua shati, akalikunja, akaliweka juu ya kiti.

"Shemeji, mimi watu wananikabidhi mipaka ya viwanja vyao. Jirani na jirani wakigombana, neno la mwisho ni langu. Nikionekana kwenye mlango ule, nani ataamini tena kipimo changu?"

Atuganile hakubishana naye. Alitoka uani, akaegemea ua, akamwambia jirani aliyekuwa anaanika nguo, "Shemeji yangu kumbe ana presha. Ndiyo maana haonekani. Leo nampeleka kliniki."

Presha ni ugonjwa wenye heshima. Ni ugonjwa wa watu wenye majukumu. Mwenye presha hupewa pole, huletewa matunda, na hakuna anayevuta mtoto wake pembeni anapopita. Siku hiyohiyo ndizi za kupikwa zilianza kuingia kutoka nyumba za jirani, zote bila chumvi. Ambakisye alizila zilivyo. Na kwa kuwa sasa alikuwa na neno la kusema njiani, alivaa lile shati, akatoka nje ya mlango wake.

Hiyo ndiyo kazi ya Atuganile. Bila neno lake, mtu huyu angekuwa kitandani mpaka leo.

Lakini neno lilimfuata mpaka dirishani. Bi Zamda alipokea kadi yake ya bima, akauliza, "Kitengo gani, baba?" Nyuma ya Ambakisye watu walikuwa wamejipanga, na wawili aliwahi kuwapimia viwanja.

"Presha," akasema Ambakisye.

Akapelekwa kwenye presha. Wakamfunga mkanda wa mkononi, wakapima, wakamwambia yuko sawa. Akarudi nyumbani na usiku wake uleule. Wiki iliyofuata akaja tena, akaulizwa, akajibu hivyohivyo, akapimwa, akaonekana sawa. Alipokuja mara ya tatu, Bi Zamda alifunga dirisha, akatoka, akamvuta mpaka kwenye korido ambako hapakuwa na mtu.

"Baba, presha yako ni nzuri kuliko yangu."

"Niandikie tu, dada."

"Siandiki. Nikiandika presha, bima italipa presha, na wewe utarudi na ulichokuja nacho. Niambie kinachokusumbua."

Ambakisye aliangalia viatu vyake. Kisha akasema, "Mke wangu amefariki."

"Pole sana, baba. Basi ni kitengo cha afya ya akili, mlango wa mwisho kule. Kadi ni hii hii."

Alilitamka neno akili kama mtu anayesema meno au macho. Hakushusha sauti, wala hakumkazia macho. Akarudi dirishani, akaandika kilichotakiwa kuandikwa.

Hiyo ndiyo kazi ya Bi Zamda. Bila yeye, mtu huyu angepimwa presha mpaka azeeke.

Sasa ule mlango wa mwisho. Nje yake kulikuwa na benchi, na benchi lilitazama barabara ya sokoni. Aliyekaa pale alionekana na kila aliyebeba kabichi. Ambakisye alifika, akaliona benchi, akageuka.

"Mpima, unakwenda wapi?"

Alikuwa Kissa. Miaka ya nyuma, baada ya kujifungua, Kissa aliwahi kuugua akazunguka sokoni akisema peke yake, na mji ukampa jina la Mama Redio. Alipona. Jina halikupona. Kliniki alikuwa anakuja tu kuangaliwa anaendeleaje.

"Nimekosea mlango," akasema Ambakisye.

"Hata mimi mara ya kwanza nilikosea. Kaa huku ukutani. Mimi nitakaa upande wa barabara na ndoo yangu na mwavuli. Wakipita wataniona mimi, na mimi walishanizoea."

Akakaa. Wiki baada ya wiki, Kissa alikaa upande wa barabara, mwavuli umefunguliwa hata siku isiyo na mvua wala jua. Ikawa siku moja Mwaipaja, wa ofisi ya ardhi, akapita karibu mno na kuchungulia chini ya mwavuli.

"Ambakisye? Unafanya nini hapa?"

Kabla hajafungua kinywa, Kissa akajibu. "Amenisindikiza mimi. Redio imeanza kukwaruza tena."

Mwaipaja akacheka. "Una moyo, ndugu yangu. Wengine tusingeweza."

Ambakisye akatikisa kichwa kukubali. "Ndiyo," akasema.

Habari ikafika sokoni. Mpima ardhi akasifiwa: amefiwa, ana presha, na bado anawasindikiza wagonjwa. Kissa naye alirudi jioni na vitumbua vyake, maana watu walisikia kwamba ugonjwa umemrudia, na nani anataka kula mkononi mwa mtu asiyejua anachotia kwenye unga. Wiki iliyofuata alikuja benchini kama kawaida, akafungua mwavuli, akamuuliza Ambakisye kama amelala. Juu ya vitumbua hakusema kitu. Ambakisye alijua, na hakuuliza.

Hiyo ndiyo kazi ya Kissa. Bila yeye, mtu huyu asingevuka mlango.

Alizungumza na mtaalamu kwa miezi mingi, na bima ikalipa. Usingizi ulirudi kidogo kidogo. Fito zikarudi mkononi. Asubuhi moja alimuuliza Tusajigwe kama chai yake imekolea sukari, na binti akaweka kikombe chini, akatoka nje kulia.

Baadaye Tusajigwe akachumbiwa, ikafika sherehe ya kumuaga. Ukumbini, kwenye meza ya mbele, hukaa baba na mama. Baba alikuwapo. Kiti cha mama kilikuwa wazi.

"Baba ameniambia yote," akasema Tusajigwe nyumbani, mchana wa sherehe, wale wanawake watatu wakiwa sebuleni. "Kiti cha mama sitaki kikaliwe kwa undugu. Akae aliyenirudishia baba yangu."

Mtaalamu alikuwa ameulizwa mapema, akajitoa. "Mimi nililipwa na bima," alisema. "Msinilipe mara mbili."

Atuganile akaanza. "Mimi ni mama mdogo, kingekuwa changu hata bila maneno haya. Lakini tukipima kazi, nani alimtoa kitandani?"

"Ulimtoa, dada," akasema Bi Zamda, "ukampeleka pasipo pake. Neno lako ndilo lililompoteza."

"Na neno lako wewe, angelisikia asubuhi ile, angejifungia ndani."

"Ndiyo. Lakini hakuna aliyeponywa na jina la ugonjwa wa mwingine."

Wakamtazama Kissa.

"Mimi sigombei," akasema Kissa. "Nikikaa pale watasema redio imewaka. Lakini mmeuliza nani alimwingiza ndani. Ni mimi."

Atuganile akasema taratibu, "Mwenzangu, ukikaa pale, watu wataelezwa nini?"

"Waelezwe kile kile walichosikia. Kwamba alinisindikiza."

Ambakisye alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote.

Jioni ukumbi ukajaa. Mshereheshaji akashika maikrofoni. "Sasa baba mzazi atatuambia nani anakaa kwenye kiti cha mama, na kwa nini amestahili." Akamkabidhi.

Ambakisye akasimama. Mbele yake kulikuwa na sahani ya pilau aliyopakuliwa peke yake, bila chumvi, kwa sababu mji mzima unamjali. Meza ya kwanza amekaa Mwaipaja na mkewe. Akimwita Atuganile, hakuna atakayeuliza, na presha itabaki kuwa presha. Akimwita Bi Zamda, itabidi aseme ni dirisha gani na mlango gani. Akimwita Kissa, itabidi aseme nani alimsindikiza nani.

Wanawake watatu wamesimama. Tusajigwe anamtazama baba yake. Maikrofoni imewashwa, na anasikia pumzi yake mwenyewe ikitoka kwenye spika za ukumbi.

Mimi naishia hapo, kwa sababu hapo ndipo aliposimama. Nyinyi mliosikiliza, semeni: kiti mngempa nani? Na utakayemtaja, usimtaje ukiwa umekaa. Simama, useme kwa sauti ya kufika nyuma ya ukumbi: anapewa kwa ajili ya nini?