Mkono Uliotulia Karaini

Kutosikia moto si kutoungua. Ndivyo Nyandwi alivyomwambia Misago asubuhi hii. Jino la Misago limemsumbua wiki tatu, leo limenyamaza, naye anatembea kifua mbele kama aliyelishinda kwenye mieleka. Sasa mmekuja na wenzenu mnataka kujua nani aliyeanza kuyasema maneno hayo. Kaeni, wajukuu zangu. Misago, wewe kaa upande ule, hilo jino lisituamkie hapa.

Maneno haya yalizaliwa hivi.

Kabla mama zenu hawajaolewa, pale Rugongwe kwenye chemchemi za maji ya chumvi, kulikuwa na mapacha wawili. Kwetu pacha anayetangulia huitwa Bukuru, anayefuata huitwa Butoyi. Bukuru alikuwa dada yangu. Butoyi ni huyu mnayemwona, mwenye meno manne na maneno mengi.

Wanawake wa Rugongwe tulikuwa wachemshaji wa chumvi. Tulichota maji ya chemchemi, tukayamimina katika makarai mapana, tukachochea kuni mpaka maji yakaenda zake na chumvi ikabaki. Kazi yenyewe ilikuwa kama ndoto. Mvuke ulitanda usimwone mwenzako aliye hatua tatu. Ulisikia sauti, halafu ukatokea mkono, halafu uso, halafu vyote vikapotea tena. Mtu akishinda humo hujisahau. Mimi niliwahi kumsimulia mwanamke mmoja maovu yote ya mama mkwe wangu, mvuke ulipopasuka nikaona ni mama mkwe mwenyewe. Alikuwa ananisikiliza kwa makini kabisa.

Kila mwaka mvua zilipokoma tulimchagua Mama wa Karai. Huyo ndiye aliyesema kuni ziongezwe au zipunguzwe, na bila neno lake hakuna aliyekomba chumvi. Hatukumchagua kwa umri wala kwa ukoo. Karai la kwanza lilipokauka, chumvi bado inatokota ukingoni, kila mwanamke aliingiza mkono mtupu akatoa chumvi. Wengi wetu tulidonoa punje mbili tukazirusharusha kiganjani huku tunacheka na kulia pamoja. Aliyetoa nyingi na kuzishika kwa muda mrefu ndiye aliyekalia kiti cha Mama wa Karai. Tulisema moto umemkubali.

Mwaka huo Bukuru aliingiza mkono, akatoa chumvi kiganja tele, akasimama nayo. Akamgeukia Mama Minani, akamuuliza kama mtoto wake amepona surua. Akasikiliza jibu mpaka mwisho. Chumvi bado iko mkononi, inafuka. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka ndege wakahama mitini.

Mimi nilikuwa nimeng'oa mkono kabla haujafika. Mama Minani akasema, "Butoyi, wewe na dada yako mlilala tumbo moja kweli, au wewe ulipita tu?" Wakacheka. Niliitwa mwoga miaka mitatu mfululizo, kwa sababu miaka mitatu mfululizo Bukuru alikalia kile kiti.

Nawaambia ukweli, nilimwonea wivu. Lakini mjue alikuwa na nini kingine. Bukuru alirudishwa na mumewe bila mtoto, akakaa kwa kaka yetu. Mtu wa namna hiyo hukalia ukingo wa mkeka. Anakula akiwa tayari kuinuka. Pale karaini tu ndipo alipoketi akaenea.

Sasa, wajukuu zangu, katika miaka hiyo mitatu vilikuwepo vitu nilivyoviona nisivione. Vikombe vilimponyoka, tukasema ni ukubwa, Mama wa Karai haoshi vyombo. Akikohoa alishika kisogo na kufumba macho, kama mtu aliyepigwa na nyundo. Nyama ya viganja ilipungua ikaacha mabonde kati ya vidole. Na siku zote, hata jua likiwaka, alijifunga kitambaa toka kiwiko mpaka kifundo cha mkono. Nikamcheka kwamba amekuwa bibi harusi.

Alikuwa akiniambia kitu kimoja nami nikakichukulia kuwa maringo. Alisema, "Butoyi, mikono yangu imelala. Mimi niko macho, yenyewe inaota." Nikamwambia ikiamka inisalimie.

Mwaka wa tatu kiangazi kilikuwa kinaishia. Tulikuwa ndani ya mvuke, kila mtu na karai lake. Nikasikia harufu ya nyama inayochomwa. Nzuri, mate yakanijaa. Nikapaza sauti, "Nani anachoma nyama bila kutuita?" Nikaifuata ile harufu kwa pua, mikono nimeitanguliza mbele kama kipofu, mpaka nikamkuta dada yangu. Alikuwa ameketi akitazama mbali, ametulia kama mtu anayesikiliza mvua. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeegemea ukingo wa karai. Ile nyama ilikuwa ni yeye.

Nikamvuta. Kitambaa kikabaki kwenye bati. Chini yake hapakuwa na mkono wa binadamu, palikuwa na makovu juu ya makovu, mengine mabichi.

"Usiseme," akaniambia kwa sauti ya chini. "Butoyi, nakuomba. Wakijua wataniondoa."

"Hukusikia?"

"Sijasikia kitu tangu mwaka juzi."

"Na ulijua unaungua?"

"Nilikuwa nikiona asubuhi, nikivaa nguo."

Nikakaa chini kwenye majivu. Na kwa kuwa nimeahidi kuwaambia ukweli, kitu cha kwanza kilichopita moyoni mwangu kilikuwa furaha ndogo, chafu: kumbe mimi si mwoga. Ilipita haraka, lakini ilipita. Kisha nikaanza kulia, na yeye ndiye aliyenibembeleza, kwa mkono ule ule.

Nilimpeleka kituo cha afya kwa hila, nikisema mimi ndiye mgonjwa. Tabibu wetu, Sendegeya, alikuwa mtu mrefu, mwenye haya, aliyeinama kila mlango hata usiokuwa mfupi. Bukuru aliogopa neno moja tu, ukoma, nalo hakulitamka. Tabibu alilitamka yeye. Alimpapasa mishipa ya kiwiko, akatafuta mabaka mwilini, akamwambia afumbe macho, akampitishia pamba juu ya vidole.

"Unasikia nini?"

"Pamba. Au manyoya ya kuku. Kitu laini."

Tabibu akainua uso. "Ukoma ungekunyima hata hilo," akasema. "Usifumbue."

Akachukua chupa mbili za dawa zilizokwisha. Moja akaijaza maji ya chai kutoka kwenye chupa ya chai, nyingine maji ya mtungi. Akamgusisha ya kwanza kiganjani, halafu ya pili.

"Ipi ya moto?"

Bukuru akatabasamu. "Tabibu, umenigusisha chupa moja mara mbili."

Akanipa mimi ile ya kwanza niishike. Niliitupa. Mpaka leo nina deni la aibu kwa kituo kile, maana ilivunjikia kwenye kiatu cha Tabibu.

Akajaza nyingine, akaendelea, polepole, kama mtu anayetafuta mpaka wa shamba. Shavuni Bukuru alisikia moto. Kiunoni alisikia, pajani alisikia. Lakini mabega yote mawili, mgongo wa juu na mikono mpaka kwenye kucha, hakusikia. Sehemu yote anayoifunika mwanamke akijitanda kanga mabegani, humo moto ulikuwa umefutika. Kisha Tabibu akampiga chini ya goti kwa kinyundo cha mpira, na mguu ukaruka kwa nguvu nyingi kuliko ilivyotakiwa. Hilo halikumpendeza. Akaweka kinyundo mezani, akaketi.

"Mikono yako haina kosa," akasema. "Mikono ni wajumbe. Wanapeleka habari, na habari haifiki. Njia imezibwa hapa." Akamgusa nyuma ya shingo. "Huu ugonjwa sijawahi kuuona. Niliusoma mara moja, nikajiambia sitakutana nao. Kuna hospitali kubwa mjini yenye mashine ya kutazama ndani ya uti wa mgongo. Nitaandika barua. Mwende wiki hii."

"Baada ya wiki mbili tunafunga msimu," Bukuru akasema. "Mama wa Karai ndiye anayezima moto. Nikikosekana, kiti atakikalia mwingine."

"Akalie. Hiyo miguu itafuata mikono. Leo inaruka kupita kiasi, baadaye itakuwa migumu, na baadaye hutapanda treni bila kubebwa."

Dada yangu akauliza swali ambalo sijapata kulisahau. "Nikipona, nitaungua kama watu wengine?"

"Ukipona vizuri kabisa, ndiyo."

"Kwa hiyo nisafiri siku mbili kwenda kutafuta maumivu."

"Ndiyo, dada," Tabibu akasema. "Ni yako. Uliyapoteza."

Tulipanda treni. Sikumbuki vituo, nakumbuka kuyumba. Bukuru aliegemea dirisha, nchi ikapita nje kama kanga inayokunjuliwa, na mara kwa mara aliweka kiganja chake juu ya kioo chenye jua, akasubiri. Hakusema anasubiri nini.

Hospitalini walimlaza ndani ya mashine kama pipa, yenye sumaku kubwa. Alisema baadaye ilikuwa kama kuota mvua inapiga bati upande wa pili wa dunia na wewe hulowi. Kisha daktari wa upasuaji, mwanamke mwembamba aitwaye Salha, akatuonyesha picha. Ndani ya uti wa mgongo, alisema, unapita uzi mnene wa mishipa ya fahamu. Ule wa Bukuru ulikuwa na shimo katikati, refu kama unyasi, limejaa maji. Sehemu ya chini ya ubongo ilikuwa imeshuka kidogo ikabana pale kichwa kinapokutana na shingo, na maji yanayozunguka humo yakakosa njia yao, yakajichimbia nyingine. Habari za moto na maumivu hukatiza katikati kabisa ya ule uzi, ndiyo maana zilikatika kwanza. Habari za pamba hupita nyuma, zikasalimika.

Bukuru akaitazama ile picha kwa muda mrefu. "Ni chemchemi," akasema. "Nimechemsha za watu wote, na yangu ilikuwa humu."

"Nitaipanua njia pale juu," Daktari Salha akasema. "Maji yakipata pa kupita, shimo litanywea lenyewe. Lakini sikudanganyi, mama. Nazuia ubaya usiendelee. Kilichokwisha kufa huenda kisirudi."

Alikubali. Walimpasua nyuma ya shingo, nami nikakaa kwenye benchi nikiomba Mungu kwa sauti mpaka nesi akaniambia Mungu ananisikia, na wodi nzima pia.

Hakufa. Maumivu ya kisogo yaliondoka, na miezi ilivyokwenda miguu ikatulia, vikombe vikaacha kumponyoka. Mikono haikurudi. Alijifunza kugusisha kikombe shavuni kabla ya kukishika, na kutazama alipoweka kiwiko.

Msimu mpya ulipofika tulirudi karaini. Mama Minani ndiye aliyekuwa amezima moto mwaka uliopita, lakini alikuwa mtu mwenye haki, akasimama kando ya kiti. "Bukuru amerudi," akasema. "Aingize mkono, akalie mahali pake." Chumvi ilikuwa inatokota. Wanawake wote walimtazama, na mimi nilijua kwamba angeweza. Angeingiza mkono, angeuliza habari za watoto, nao wangepiga vigelegele. Hakuna mtu duniani aliyekuwa akitaka kile kiti kama yeye.

Bukuru akasogea mpaka kwenye karai. Akafungua vitambaa, ambavyo sasa vilifunika mpaka vidole, kimoja, halafu cha pili, akaiinua mikono yake juu ya mvuke ili kila mtu aione. Vidole viwili vilikuwa vimefupika. Mtu mmoja nyuma yangu akavuta pumzi.

"Mlisema moto umenikubali," akasema. "Ulikuwa unanila. Kutosikia moto si kutoungua."

Mvuke ulipita kati yetu, ukatuficha, ukatufichua. Kisha akauliza, "Mwaka ule, nani aliung'oa mkono kabla ya wote?"

Wote wakageuka kunitazama. Nilitaka ule mvuke unimeze.

"Basi huyo ndiye anayejua moto ulipo," Bukuru akasema. "Mkalisheni."

Mama Minani akafikiri. Halafu akakipangusa kiti majivu kwa upindo wa kanga yake, akanisogezea. Hivyo ndivyo mwoga alivyokuwa Mama wa Karai, kwa miaka kumi na mmoja, na tangu hapo Rugongwe humkalisha anayeutoa mkono upesi. Bukuru alikaa karibu nami, kwenye mkeka, katikati yake, si ukingoni. Watu walikuwa wakimletea watoto wao wenye ganzi na wazee wao wenye vidole vizito, naye alikuwa akiwauliza kwanza kama wanasikia pamba.

Siku moja, karibu mwaka wa pili baada ya upasuaji, tulikuwa tumeketi nje ya nyumba ya kaka, tunachambua mchele, mabega wazi kwa joto. Bukuru akaacha kuchambua. Akabaki hivyo, kichwa ameinamisha upande, kama anayesikia mtu anamwita kutoka mbali.

"Butoyi," akasema, "jua linanichoma begani."

"Sogea kivulini."

"Niache."

Nikamwacha. Akakaa palepale juani, machozi yanamtiririka, akicheka kidogo, mpaka bega likawa la moto. Na mtu yeyote aliyepita njiani akamuuliza kwa nini hahami, alimjibu kwamba leo anasikia, kisha neno lile lile alilotuambia karaini: kutosikia moto si kutoungua.