Taa Isiyopanda Juu

Palikuwa na mji ukiitwa Maburuni, na mfalme wake Sultani Shahabudini, mwenye majeshi na majumba na huzuni moja: binti yake Siti Lulua aliumwa macho na kila mwanga wenye moto, wa jua hata wa mshumaa, na miaka mitatu alikuwa chumbani mwenye giza. Wanajimu wakasema kilindini mwa bahari mna nuru baridi isiyounguza. Basi Sultani akatangaza: atakayeileta atamwoa Lulua, na atakayeahidi akashindwa atakatwa kichwa.

Akajitokeza Shekue, mfua shaba, akafua mtungi mkubwa uliozibwa pande zote, wenye jicho la kioo kinene na mnyororo wa kuuvutia.

Waziri akacheka. "Sufuria ya pilau hiyo!"

"Naam, na nyama ni mimi," akajibu Shekue, akaingia.

Akashuka, na maji yakawa buluu, kisha nili, kisha meusi, na vumbi jeupe likaanguka polepole kama unga unaochekechwa, na katika weusi ule wakapita viumbe wangavu kama kioo, wamevaa nuru mfano wa mikufu, hawana haraka, kama watu wanaotembea ndotoni. Akatokea jini wa kilindi, samaki mwenye taa juu ya paji.

"Ewe uliye tumboni mwa shaba, wataka nini?"

"Nuru yenu, ya kumtibu binti wa Sultani."

"Chukua mmoja wetu. Lakini sisi tumeshikwa na uzito wa maji haya. Huko juu atang'aa mpaka ufungishwe ndoa, kisha atayeyuka awe ute."

Shekue akaishika shingo yake, akaifikiria. Kisha akafoka: "Nimpe mtu taa nami najua itazima jioni? Sifanyi biashara hiyo!"

Jini akainama. "Basi njoo tena wakati wowote. Mlango wetu u wazi kwako."

Akapanda mikono mitupu.

"Iko wapi?" akauliza Sultani.

"Iko chini, maulana, na haipandi. Ikipanda inakufa. Mwenye macho ndiye ashuke."

"Kichwa chake!" akapiga kelele Waziri.

Sultani akanyanyua mkono kumwita mkata vichwa, ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Baba, wangapi wamekuja na dawa zao za uongo? Huyu ndiye wa kwanza kuniambia kweli. Na giza nimelizoea. Niache nishuke."

Sultani akalia, akasema binti yake hakai faragha na mwanamume asiye mumewe. Akaitwa kadhi, ndoa ikafungwa, bibi harusi kafunikwa gubigubi, hajamwona mume. Wakashushwa, na Sultani mwenyewe kaushika mnyororo.

Kilindini Lulua akafunua uso. Jini na watu wake wakauzunguka mtungi, na nuru ya kijani ikamwagika kiooni, na macho hayakuuma. Akaitazama mikono yake muda mrefu. Kisha akamtazama mumewe.

"Kumbe una pua kubwa hivi!"

"Ulikuwa gizani, ningekwambia ningepata faida gani?"

Wakacheka mpaka shaba ikavuma, na Sultani huko juu akauhisi mnyororo ukitetemeka mkononi, akajua.

Shekue akapewa bohari zote za shaba, na kila Ijumaa wakashuka wawili. Nawe unayeuza chochote, ukijua kasoro yake, itaje kwanza. Wapo waliopona kwa hilo tu.