Mwalimu Aliyepitiliza Kituo

Mwanamke mmoja wa Usangi, katika milima ya Upare, alikuwa na fimbo ya kuonyeshea ramani. Jina lake Nakiete. Kwa miaka thelathini na mmoja alifundisha jiografia katika shule ya msingi, na kila mwaka aliigusa ramani ya Asia kwa ncha ya fimbo ile, akawaeleza watoto habari za mji mmoja wa kale huko Thailand. Mji ule, aliwaambia, ulijengwa mahali mito mitatu inapokutana. Ulikuwa na wafalme kwa miaka mia nne na zaidi, kisha vita vikauchoma, na leo yamebaki magofu ya mahekalu ya Wabudha, matofali mekundu yaliyosimama juani. Watoto waliandika, wakafanya mtihani, wakafaulu. Lakini mwalimu wao hakuwahi kufika hata Moshi bila kushikwa mkono.

Aliyemshika mkono alikuwa mumewe, Senzia. Huyu alikuwa mtu mwema, nanyi msimhukumu. Benki alikwenda yeye. Hospitali alitangulia yeye, akazungumza na daktari, na mkewe akaketi pembeni kama mtu aliyemsindikiza mgonjwa, ilhali mgonjwa ni yeye. Ndani ya basi tiketi zote mbili zilikaa katika mfuko wa shati la Senzia. Alimpenda hivyo kwa miaka thelathini na minane, na siku alipozikwa, hapakuwa na mlango hata mmoja ambao Nakiete alikuwa ameufungua mwenyewe.

Matanga yalipokwisha, mwanawe Eliamani, mhandisi wa maji huko Arusha, alikuja na gari la mizigo.

“Mama, funga nyumba twende,” alisema. “Chumba chako nimeshakipaka rangi.”

“Na hapa je?”

“Tutatafuta mpangaji. Hapa utaishije, Mama? Hata Moshi hujawahi kwenda peke yako.”

Maneno yale yalikuwa ya kweli, na kweli ikitoka kinywani mwa mtoto uliyemzaa huuma mara mbili.  Asubuhi iliyofuata, chai ikiwa mezani, Nakiete alimwambia mwanawe kwamba atatumia sehemu ya kiinua mgongo chake kwenda kuuona mji wa mito mitatu. Atakwenda peke yake na atarudi peke yake.

“Nikikupigia simu uje unichukue,” alisema, “nitahamia kwako na hutanisikia nikilalamika. Nikirudi kwa miguu yangu, usinitajie tena habari ya kuhama.”

Eliamani alicheka, kisha akaona kwamba mama yake hacheki. Alirudi Arusha na gari tupu. Baada ya wiki moja alileta habari za watu wanaosafiri kwa makundi, wakiwa na kiongozi anayebeba kibendera, watu wanaoamshwa, wanaolishwa, na wanaohesabiwa kila wanapopanda basi. Alimsihi mama yake aende nao. Mama alikataa.

“Utapotea, Mama.”

“Nikipotea nitauliza.”

 Eliamani alikubali kwa sababu moja tu: alikuwa na hakika kwamba simu itaita kabla ndege haijapaa.

Simu haikuita. Nakiete alihangaikia pasi na viza mwenyewe, akarudishwa dirishani mara mbili kwa kukosea fomu, akarudi mara ya tatu. Alipanda ndege mbili. Alifika Bangkok, akalala, na asubuhi akaenda kituo cha treni akiwa na jina la mji ule kwenye karatasi. Akakatiwa tiketi ya treni ya polepole, ile ambayo madirisha yake huachwa wazi na wauza vyakula hupita katikati ya viti. Akaketi dirishani. Mashamba ya mpunga yakaanza kupita, mapana na ya kijani, na alijisikia kama mtu aliyeingia ndani ya ramani yake mwenyewe. Akafurahi sana. Na kwa kuwa alikuwa na furaha, na uchovu, na upepo ulikuwa mwanana, alisinzia.

Alipozinduka, treni ilikuwa imesimama kwenye kituo kidogo. Jina la pale halikuwa lile la kwenye karatasi. Akamwonyesha jirani yake tiketi, na jirani akanyoosha kidole nyuma, kule walikotoka. Nakiete aliteremka haraka na mkoba wake. Treni ikaondoka, na kituo kikawa kimya.

Alikaa kwenye benchi. Saa sita mchana, jua la utosi. Ndipo woga uliokuwa ukimfuata tangu Usangi ukamfikia, ukaketi naye.  Akatoa simu. Jina la mwanawe lilikuwa la kwanza kabisa, na alijua kwamba akibonyeza mara moja tu, Eliamani ataacha kazi, atapanda ndege, na atakuja kumchukua hata kama ni mwisho wa dunia. Alimjua mwanawe. Kidole kilikuwa juu ya jina.

Sikilizeni sasa, kwa maana hapa ndipo njia inapogawanyika.

Nakiete alijiuliza kwa nini hainuki kuuliza, kama alivyojigamba. Akapata jibu, na jibu likamtia aibu. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa ameuliza maswali maelfu kwa maelfu, lakini hapakuwa na swali hata moja ambalo hakujua jibu lake. Mwalimu huuliza akiwa na jibu mfukoni. Kuuliza mikono mitupu, mbele ya mtu anayeweza kukucheka, hakuwahi kufanya. Alikuwa ameahidi kufanya kazi ambayo hakuwahi kuifanya maishani.

Akairudisha simu mkobani, akasimama.

Mwisho wa jukwaa la kituo palikuwa na mama mmoja wa makamo aliyekuwa akiuza tambi za mchuzi, sufuria mbili zikitoka mvuke. Nakiete alimwendea, akamsalimu kwa kuunganisha viganja kama alivyoona wengine wakifanya, akataja jina la mji.

“Ayuthaya,” alisema, na hiyo “th” aliitamka kama katika “thelathini”.

Yule mama akatikisa kichwa. Nakiete akarudia kwa sauti kubwa zaidi, kama walimu wafanyavyo kwa mtoto asiyeelewa. Akatikisa kichwa tena. Karatasi yenye jina, alipoitafuta, ilikuwa imebaki kwenye kiti cha treni, na tiketi pamoja nayo. Basi akatoa kipande kingine cha karatasi mkobani, akachora kwa kalamu mto mmoja, na wa pili, na wa tatu, ikikutana na kuuzunguka mji kama mkono unaokumbatia, na katikati akachora mnara wa hekalu wenye ncha.

Yule mama alitazama, akapiga paja lake na kucheka kwa nguvu.

“Ayutaya!” alisema.

Nakiete akasimama kama aliyemwagiwa maji. Jina lilikuwa na “t”, kama katika “tatu”. Watoto wote wa Usangi waliopita mikononi mwake, na wengine sasa ni watu wazima wenye watoto, aliwafundisha kulitaja vibaya, na aliyelikosea alimwekea alama ya mkasi. Kisha na yeye akacheka. Alilirudia jina kama mtoto wa darasa la kwanza, mara tatu, mara nne, mpaka muuza tambi akaridhika. Kila mmoja akajigusa kifua kwa kidole, wakatajiana majina. Muuza tambi aliitwa Somsri. Alizima jiko, akawaacha wateja na bakuli zao, akamvusha Nakiete reli hadi upande wa pili, akaketi naye kwenye benchi karibu saa nzima, wakinyamaza pamoja kama watu waliojuana siku nyingi. Treni ya kurudi ilipofika, alimwambia kondakta maneno machache. Na kondakta, treni ilipokaribia mji ule, alikuja mwenyewe akagusa mgongo wa kiti cha Nakiete.

Hivyo ndivyo alivyofika.

Kutoka stesheni alivuka mto kwa kivuko kidogo, na mwenye kivuko akamwonyesha njia kwa mkono. Alikaa siku sita. Kila asubuhi alichagua mwenyewe aanzie wapi, na mara mbili alichagua vibaya. Mara moja njia ilimfikisha kwenye ua wa watu wasiomjua, mvua ikamkuta pale, na wenye ua wakampa kigoda na chai mpaka ikakatika. Hiyo ni siku aliyoipenda kuliko zote.

Aliona minara ya matofali iliyoinama. Aliona sanamu za Buddha safu kwa safu, zimekaa wima, miguu imekunjwa, mikono imetulia magotini, na nyingi hazina vichwa, kwa maana vita na wezi waliviondoa. Watu walipita wakipiga picha. Nakiete alisimama mbele ya sanamu moja muda mrefu. Ilikuwa imeketi vizuri sana. Hapakuwa na kosa lolote katika mikono wala katika mgongo. Akasema kwa Kipare, taratibu, kwamba hata yeye ameketi hivyo miaka thelathini na minane. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayesoma jina lake kwenye orodha na kuitika.

Mahali pengine aliona kichwa cha jiwe kilichoshikwa na mizizi ya mti mkubwa, uso wake mtulivu, macho nusu yamefumba. Mlinzi alimwashiria ajishushe, kwa kuwa pale mgeni hatakiwi kuinua kichwa chake juu kuliko uso ule. Nakiete alikuwa mzee wa kanisa. Alifikiri kidogo, kisha akachuchumaa. Hakuabudu. Aliinama kama mtu ainamavyo akiingia nyumba yenye mlango mfupi, na alipoinuka imani yake ilikuwa mahali pake, haijapungua.

Siku ya kurudi, Eliamani alikuwa uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ingawa mama yake alikuwa amemkataza. Alikuwa amekonda. Mama alitoka akivuta sanduku lake, na hakumpa. Wakaenda kuketi ndani ya gari.

“Ni nani aliyekuwa akikuongoza?” Eliamani aliuliza.

Nakiete akaanza kuwataja. Alimtaja Somsri na sufuria zake, kondakta, mwenye kivuko, mlinzi, watu wa ule ua, mwanamke wa nyumba ya wageni aliyemfundisha kuhesabu mpaka kumi. Hakumficha kitu. Alimweleza habari za kusinzia, na benchi, na kidole kilichokuwa juu ya jina.

“Basi hukuwa peke yako,” alisema Eliamani, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kushinda kesi.

“Sikukuahidi kwamba nitakwenda bila watu, mwanangu. Anayeongozwa na mmoja humjua mmoja. Mimi nimeongozwa na mji mzima.”

Eliamani akashika usukani ingawa gari lilikuwa limezimwa. Alitazama magari ya kushoto na kulia yakiondoka yote.

“Siku mbili sikwenda kazini,” alisema. “Nilikaa na simu mkononi. Nilikuwa nangoja uite.” Akafuta uso kwa mkono. “Mama, nilitaka uite. Mungu anisamehe, nilikuwa naomba upotee.”

Nakiete hakushtuka. Alimwekea mkono begani.

“Najua, baba,” alisema. “Hata mimi pale benchini nilitaka. Mtu akishazoea kubebwa, na aliyembeba huzoea mzigo.”

Eliamani aliwasha gari, wakapanda milima kabla jua halijatua. Hakuitaja tena habari ya kuhama, si jioni ile, wala mwaka ule, wala baadaye. Anamtembelea mama yake, na akifika hupiga hodi na kungoja afunguliwe. Naye Nakiete amekwisha kwenda Kigoma kwa treni, na sasa anasema anataka kuona maporomoko ya Viktoria. Hana haraka.

Ndugu zangu, sikuwaeleza haya ili mkanunue tiketi za ndege. Wako wengi waliozunguka dunia nzima nyuma ya kibendera, wakarudi kama walivyoondoka, na yuko mwingine aliyeamka kwenye benchi la kituo asichokijua na akawa mtu. Lakini swali langu leo siwaulizi walioshikwa mkono. Nawauliza ninyi mnaoshika, ninyi waume, ninyi wazazi, ninyi watoto mliokwisha kufanikiwa: siku mkono ule utakapotoka ndani ya mkono wako, ni nani hasa unayeogopa kwamba ataanguka?